John Kennedy, mtoto wa tajiri aliyeomba kura kwa wachimba makaa

Mwaka 1960, mwezi wa nne. Huku kwetu Elisabethville na Jadotville watu walikuwa wanahesabu siku za kufikia uhuru, na wanasiasa walikuwa wanapita kambi kwa kambi kuomba kura. Siku zilezile, ngambo ya bahari, kwenye jimbo la West Virginia kule Marekani, bwana mmoja wa miaka 42 alisimama mbele ya mugodi wa makaa ya mawe unaoitwa Itmann, saa ya kubadilisha zamu. Wanaume walikuwa wanatoka chini, nyuso nyeusi, taa kwenye kofia. Yeye alivaa suti na tai, akawapa mkono mmoja mmoja. Wapiga picha walisimama pembeni. Bwana yule njo John Fitzgerald Kennedy, na picha za siku ile ziko mpaka leo.

Wazee wetu wanajua jina lake juu ya mambo ya Katanga, na tutafika kule. Lakini mbele ya yote tunataka kusimulia vile alivyopata kiti, sababu habari hii inagusa watu wa migodi moja kwa moja. Wachimbaji ndio waliomfungulia mlango, na televisheni ndiyo iliyombeba mpaka ndani.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa tano 1917 huko Brookline, karibu na mji wa Boston. Walikuwa watoto tisa. Babu zake walitoka Ireland maskini, lakini baba yake, Joseph Kennedy, alipata feza nyingi sana: benki, biashara ya hisa, biashara ya pombe, na biashara ya filamu kule Hollywood. Hii ya filamu tuishike vizuri. Mzee alijifunza kule namna sura ya mtu inavyoweza kutengenezwa na kuuzwa, na baadaye alisema wazi kwa watu wake kwamba mtoto wake atamuuza vile vile kama bidhaa ya duka. Mwaka 1938 alitumwa kuwa balozi wa Marekani kule Uingereza. Watoto walikula, walisoma, walisafiri. Hakuna mmoja kati yao aliyejua njaa ni kitu gani.

Lakini John alijua ugonjwa. Tangu utoto alilala hospitali mara nyingi. Mgongo ulimuuma maisha yake yote, na mwaka 1947 waganga walimkuta na ugonjwa wa Addison, ule wa tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 1954 walimpasua mgongo na alikaribia kufa. Mambo haya mengi yalifichwa. Mbele ya kamera alionekana kijana mwenye nguvu, ngozi imekolea jua, na watu wakasema huyu ana afya kuliko wote. Kumbe nyumbani alitembea na magongo, na kila siku alimeza dawa. Wakati wapinzani wake wa chama walipotoboa siri ile mwaka 1960, watu wake walikana, na magazeti hayakufuata sana. Inatupasa kukumbuka kwamba kamera inayoonyesha inaweza pia kufunika.

Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa mkubwa wa mashua ndogo ya vita, namba PT-109, kwenye visiwa vya Solomon. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa nane 1943 meli ya Wajapani iliipasua vipande viwili. Wawili walikufa, kumi na mmoja wakapona. Kennedy, na mgongo wake ule, aliogelea masaa mengi akimvuta mwenzake aliyeungua, mshipi wa jaketi ya yule mtu akiushika kwa meno. Wenyeji wawili wa visiwa ndio waliopeleka habari yake, iliyochorwa juu ya kifuu cha nazi, na wote wakaokolewa.

Ushujaa ule ulikuwa wa kweli. Lakini wanaume wengi walifanya ushujaa katika vita ile na hakuna aliyewajua. Habari ya Kennedy iliandikwa mwaka 1944 na mwandishi John Hersey katika gazeti The New Yorker, kisha ikafupishwa katika Reader's Digest, jarida lililosomwa kila kona ya nchi. Mwaka 1946, alipogombea ubunge kule Boston, baba yake alilipa habari ile ichapwe tena, nakala kwa nakala, zikagawanywa nyumba kwa nyumba. Kijana wa miaka 29, bila kazi ya siasa nyuma yake, alishinda. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya gazeti miezi michache mwaka 1945, alikuwa San Francisco wakati wa kuanzisha ONU, kwa hiyo alijua waandishi wanataka nini: maneno mafupi, saa nzuri, na picha.

Mwaka 1952 aligombea kiti cha seneta akamwangusha Henry Cabot Lodge, mtu wa ukoo mkubwa, kwa kura karibu elfu 70. Mama yake na dada zake waliita wanawake kwa maelfu kunywa chai na kuwapa mkono. Waliingia pia kwenye televisheni na kipindi chao cha kahawa, wakisimulia habari za nyumbani. Ilikuwa siasa, lakini ilionekana kama ziara ya jirani. Mwaka 1953 alioa Jacqueline Bouvier, na hata mbele ya arusi picha yao ilikuwa juu ya jalada la Life, wakiwa ndani ya mashua yenye tanga. Zamani mtu aligombea akibebwa na wazee wa chama. Huyu alibebwa na jina lake, bibi yake, na meno yake meupe. Mwezi wa kumi na moja 1959 yeye mwenyewe aliandika makala katika TV Guide, gazeti la ratiba za televisheni, akieleza kwamba chombo kile kimegeuza siasa. Aliona pia hatari zake: feza nyingi inahitajika, na mwongo mwenye sura nzuri anaweza kupita. Lazima tumheshimu kwa hilo. Aliandika hatari ile kwanza, kisha akakitumia chombo kuliko wote.

Tuangalie hesabu. Mwaka 1950 nyumba za Marekani zenye televisheni zilikuwa karibu moja kwa kumi. Mwaka 1960 zilikuwa karibu tisa kwa kumi. Ndani ya miaka kumi tu kila mtu aliweka sanduku lile katika chumba cha kuongea.

Sasa turudi West Virginia.

Jimbo lile ni milima na makaa. Kule mtu alizaliwa katika nyumba ya kampuni, alinunua vitu kwenye duka la kampuni, na wengi walikufa na vumbi ya kampuni kifuani. Wasomaji wetu wanaelewa bila kuelezwa. Baada ya vita, mashine kubwa za kukata makaa ziliingia shimoni. Jimbo lilikuwa na wachimbaji zaidi ya laki moja; kufika mwaka 1960 walikuwa chini ya 50,000. Tani za makaa hazikupungua kwa kadiri ile, watu ndio waliopungua. Wanaume wa miaka 40 walikaa mlangoni bila kazi, na familia ziliishi kwa posho ya serikali: unga, wali, maziwa ya poda, mafuta ya kupikia. Posho ile haikuwa na nyama mbichi wala mboga.

Kennedy alihitaji jimbo hili kwa sababu moja. Alikuwa Mkatoliki, na Marekani haikuwa imempa Mkatoliki uraisi hata mara moja. Wakubwa wa chama chake cha Demokrati waliogopa. Alishinda Wisconsin mwezi wa nne, lakini wakasema ni Wakatoliki wenzake waliompa kura. West Virginia Wakatoliki walikuwa karibu mmoja tu katika watu 20. Akishinda pale, maneno yanaisha. Akishindwa, arudi nyumbani. Mwanzoni watu wa kule walimpenda, kisha wakajua dini yake, na wengi wakageuka. Sisi tunajua mambo haya: mtu anaulizwa kabila lake mbele ya kuulizwa anajua kazi gani.

Mpinzani wake alikuwa Hubert Humphrey, seneta wa Minnesota, mtoto wa mwuza dawa. Tuseme ukweli: kama mchimbaji angechagua kwa kuangalia kazi iliyofanywa tayari, Humphrey ndiye aliyekuwa na kitabu kizuri. Miaka na miaka alipigania wafanyakazi, wakulima na haki za watu weusi. Aliongea vizuri, lakini aliongea mrefu. Alizunguka milima kwa basi la kukodi, baridi ikiingia madirishani. Kennedy alikuwa na ndege yake iliyonunuliwa na familia, na jina la binti yake, Caroline, limeandikwa juu yake.

Mahali pa kunywa bia, vyombo vya kupiga sahani vilipiga wimbo wa Frank Sinatra, High Hopes, wenye maneno mapya ya kumsifu Kennedy. Kutoka New York alikuja Franklin Roosevelt mdogo, mtoto wa yule raisi aliyewapa wachimbaji haki ya sendika. Kwa nyumba nyingi za makaa, Roosevelt baba alikuwa kama mtakatifu. Barua zenye saini ya mtoto zilitumwa kutoka posta ya Hyde Park, mji wa baba yake, ili mtu akipokea aone muhuri ule. Roosevelt huyu aliongea pia maneno mabaya juu ya Humphrey, kwamba hakwenda vitani. Humphrey alikataliwa na waganga wa jeshi. Ilikuwa haya kubwa, na lile doa halikutoka upesi.

Juu ya feza iliyopita chini ya meza kwa masherifu na wakubwa wa tarafa, mengi yamesemwa. Wakati ule West Virginia ilijulikana kwa kura za kununua, na kandida mwenye mfuko mzito alisikilizwa upesi.

Lakini hatuwezi kusema alinunua tu. Kennedy alishuka, aliingia vijumba, aliona. Watu wanasimulia kwamba mchimbaji mmoja alimuuliza kama ni kweli baba yake ni tajiri sana na yeye hajafanya kazi ya mikono hata siku moja. Alikubali. Yule mzee akamwambia kwamba hajakosa kitu. Waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba njaa ya West Virginia ilimpiga moyo, sababu hakujua kwamba ndani ya nchi yake kuna watoto wanaobakisha maziwa ya shule kwa kupelekea wadogo zao nyumbani. Tarehe 4 mwezi wa tano, katika mdahalo wa televisheni na Humphrey kule Charleston, alionyesha mbele ya kamera chakula kile cha posho. Humphrey alieleza sheria. Kennedy alionyesha unga.

Siku ya mungu, tarehe 8, alilipa tena saa ya televisheni. Roosevelt mdogo aliuliza maswali, Kennedy alijibu juu ya dini. Alitazama kamera moja kwa moja, si Roosevelt, akaeleza kwamba raisi anaapa na mkono juu ya Biblia kulinda katiba inayotenga kanisa na serikali, na akivunja kiapo anakosea mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Mtu aliyekaa nyumbani aliona kama anaambiwa yeye peke yake. Mchungaji wake alikuwa amemwambia mengine, lakini mchungaji hakuwa na tele.

Humphrey naye alitaka saa ya mwisho ya televisheni. Mfuko wa kampeni ulikuwa mtupu, alilipa kwa hundi yake mwenyewe, feza ya nyumbani. Alikaa peke yake na simu mezani, akipokea maswali yasiyochujwa na mtu. Mwanamke mmoja alipiga simu kumwambia tu aondoke jimboni.

Tarehe 10 Kennedy alipata kura karibu 61 kwa mia. Usiku uleule Humphrey alijitoa, na watu waliokuwa naye walilia.

Sasa alibaki na Richard Nixon, makamu wa raisi, mtu wa chama cha Republikani. Tarehe 26 mwezi wa tisa wakaingia studio moja kule Chicago kwa mdahalo wa kwanza wa wagombea uraisi kuonyeshwa katika televisheni nzima ya nchi. Sheria ya Marekani ilidai kila mgombea apewe saa sawa, hata wale wadogo wasio na watu. Wabunge waliisimamisha sheria ile kwa mwaka ule tu, ili wawili hawa wabaki peke yao. Watu karibu milioni 70 waliangalia.

Nixon alikuwa ametoka hospitali. Goti lake lilikuwa limeoza ndani kwa kugongwa na mlango wa gari, amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Aliposhuka kwenye studio aligonga goti lilelile tena. Suti yake ilikuwa ya kijivu, na ukuta nyuma ulikuwa wa kijivu pia, karibu hakuonekana mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Alikataa kupakwa vizuri usoni, akapaka poda tu ya kuficha ndevu, na chini ya taa za moto jasho likatoka. Kennedy alikuwa amepumzika, suti nyeusi, miguu imetulia. Nixon alijibu Kennedy. Kennedy aliongea na nchi.

Wanasema mara nyingi kwamba waliosikiliza kwa redio walisema Nixon ameshinda, na walioona tele walisema Kennedy. Habari hii ni tamu, lakini tuipokee kwa uangalifu. Inatoka kwa uchunguzi mmoja mdogo, na waliobaki na redio walikuwa wengi watu wa mashamba, wasiompenda Mkatoliki tangu mwanzo. Kilicho hakika ni kwamba kesho yake, kule Ohio, watu waliokuja kumuona Kennedy waliongezeka sana, na wanawake waliruka barabarani kama vile anapita mwimbaji. Midahalo mitatu mingine ilifuata. Nixon alipona, alikula, alipakwa, akafanya vizuri. Lakini ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia machoni.

Na bado, tarehe 8 mwezi wa kumi na moja, katika kura zaidi ya milioni 68, tofauti ilikuwa karibu 113,000 tu. Wenye magazeti wengi waliunga mkono Nixon. Waandishi waliosafiri na wagombea walimpenda Kennedy, sababu alicheka nao.

Alikula kiapo tarehe 20 mwezi wa kwanza 1961. Kesho yake, amri yake ya kwanza ilikuwa kuongeza posho ya familia maskini, na hii wachimbaji walimshukuru. Tarehe 29 mwezi wa tano, siku alipotimiza miaka 44, tikiti za kununua chakula zilianza kutumika, na mahali pa kwanza palikuwa tarafa ya McDowell, katikati ya makaa. Kwa tikiti ile mama aliingia dukani akachagua mwenyewe nyama na mboga.

Tarehe 25 mwezi wa kwanza aliita waandishi mbele ya televisheni, moja kwa moja bila kukatwa, kitu ambacho hakuna raisi aliyekifanya mbele yake. Na kati ya maneno ya kwanza kabisa aliyotamka siku ile kulikuwa na Kongo: Marekani itaongeza chakula kwa watu wanaokufa na njaa huku. Ilikuwa njaa ya Kasai, ya wakimbizi Waluba. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa karibu na Elisabethville siku nane mbele ya pale, na dunia haikuambiwa. Tarehe 13 mwezi wa pili serikali ya Katanga ilitangaza kifo. Kennedy alipokea habari kwa simu, na mpiga picha wake Jacques Lowe alikuwa ndani ya chumba: mkono usoni, macho yamefungwa. Ni moja ya picha zake zinazojulikana zaidi, na ni habari yetu iliyo ndani yake.

Baadaye alisimama na ONU kuvunja utengano wa Katanga. Moise Tshombe naye alijua nguvu ya magazeti: alikuwa na ofisi ya habari New York, iliyosema na wabunge na waandishi wa Marekani kumtetea, na ofisi ile ilimsumbua Kennedy sana. Mwezi wa kwanza 1963 askari wa ONU waliingia Jadotville, kisha Kolwezi, ikaisha. Wazee wetu hawakumbuki mambo haya kwa namna moja, na kila nyumba ina yake.

Mwezi wa sita mwaka uleule alirudi Charleston, West Virginia, kwa sikukuu ya miaka 100 ya jimbo. Mvua ilinyesha, watu hawakuondoka, naye alikumbuka mbele yao kwamba bila wao asingekuwa raisi. Mashine ziliendelea kuondoa watu shimoni.

Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1963 alipigwa risasi ndani ya gari kule Dallas, akiwa na miaka 46. Siku nne Marekani ilikaa mbele ya televisheni. Waliona jeneza, waliona mtoto wake wa miaka mitatu akipiga saluti, waliona hata Lee Oswald, aliyeshtakiwa kwa mauaji, akiuawa mbele ya kamera. Kwenye nyumba nyingi za wachimbaji picha ya Kennedy ilitundikwa ukutani.

Nixon alirudi mwaka 1968. Mara hii alikataa mdahalo kabisa. Alijitengenezea vipindi vyake mwenyewe vya televisheni, ndani ya studio nzuri, mbele ya watu wa kuuliza maswali waliochaguliwa na watu wake. Alishinda. Aliyemshinda alikuwa Hubert Humphrey, yule wa basi.